Nikishika maiki sina shida, ila siku ya shughuli inanishinda

Ndugu Mshauri,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ni mwalimu wa hesabu niliyeacha ajira miaka minne iliyopita, na sasa naishi kwa kazi ya kuzungumza mbele za watu. Mada yangu kubwa ni maandalizi ya kustaafu. Kazi imekua kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hapa Dodoma ni nadra wiki kupita bila semina, na watumishi wanaokaribia miaka 55 ya kustaafu kwa hiari, au 60 ya kustaafu kwa lazima, wana maswali mengi kuliko majibu. Nikishika maiki sina shida. Kinachonishinda ni mambo yote yanayozizunguka dakika zangu tisini.

Nitoe mfano wa mwezi Machi. Taasisi moja ya umma ilinialika kwa simu, ikaniambia nitaanza saa 3:00 asubuhi, nitazungumza kwa dakika 90, na ada itakuwa shilingi 600,000. Nikasema sawa. Nilifika ukumbini saa 1:30. Projekta ilikuwapo, lakini ilikuwa ya zamani, ya VGA, na kompyuta yangu ina tundu la HDMI peke yake. Tulizunguka jengo zima tukitafuta kiunganishi bila kukipata. Mgeni rasmi aliyesubiriwa saa 3:00 alifika saa 6:40 mchana. Nilipopanda jukwaani nilikuwa nimebakiwa na dakika 20, harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia ukumbini, na mshereheshaji alikuwa amesimama pembeni akinionyesha saa ya mkononi. Mwishoni nililetewa karatasi nisaini posho ya shilingi 50,000, nikaambiwa ada yangu inashughulikiwa. Leo ni mwisho wa Mei na haijaingia. Kijana mmoja wa uhasibu amenidokeza kwamba hata ikiingia itakatwa asilimia tano, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza.

Jioni ile ile nilipanda basi kwenda Singida, ambako nilikuwa nimekubali kuzungumza kesho yake asubuhi. Nilifika usiku nikiwa hoi, na katikati ya mada mvua ikanyesha juu ya bati la ukumbi kiasi kwamba hata waliokaa mstari wa mbele hawakunisikia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mdogo wake mume wangu, ambaye ana gari, amejitolea awe meneja wangu kwa theluthi moja ya kila ada. Mume wangu anaona ni jambo jema la kifamilia. Mimi nasita, lakini sina hoja ya kumpa. Wakati huohuo nina mwaliko kutoka chama cha akiba na mikopo cha walimu huko Kondoa, Ijumaa ya pili ya Juni; wamenipangia saa 6:30 mchana hadi saa 8:00, wameahidi ada ileile ya 600,000, na wanataka jibu wiki hii. Nimkubali shemeji? Na nitawezaje kuwauliza waandaaji mambo ya fedha na vifaa bila kuonekana najisikia, wakati kwetu kualikwa kuzungumza huhesabiwa kuwa ni heshima?

Mwalimu wa Kisasa, Dodoma

*

Mwalimu, marahaba.

Jina ulilochagua limenifurahisha, maana sikujua kama umetaja mtaa unaokaa au namna unavyofundisha. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikiandaa semina na mikutano, na nimewafanyia wazungumzaji karibu yote uliyofanyiwa wewe, isipokuwa mvua. Kwa hiyo nitaanza na jinsi mwandaaji anavyokuona.

Anapokupigia simu, mkononi ana orodha ndefu: ukumbi, viti, chakula, mabango, vitambulisho, usafiri wa viongozi, barua ya mgeni rasmi ambayo haijajibiwa. Jina lako ni mstari mmoja katika orodha hiyo. Ukisema sawa, anaweka alama ya vema, anahamia kwa mpishi, na hakufikirii tena mpaka asubuhi ya shughuli. Huko si kukudharau. Lakini angalia mpishi anavyofanya akipigiwa simu ileile: anauliza sahani ngapi, saa ngapi, maji yanapatikana wapi, jiko litakaa upande gani wa upepo, na hanunui hata kilo moja ya mchele kabla kianzio hakijaingia. Sijawahi kusikia mtu akisema mpishi anajisikia. Anaonekana anaijua kazi yake, na mwandaaji mwenyewe hulala vizuri kwa sababu ameulizwa. Ndiyo maana naona ulikosea kabla ya kufika ukumbini, pale uliposema sawa kwenye simu. Kiunganishi, mgeni rasmi, posho na hiyo asilimia tano vyote vilikuwa vinaulizika wakati ule.

Kuanzia sasa, ukipigiwa simu shukuru, sema unaangalia kalenda, kisha andika. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, Sheria ya Mikataba haiyakatai, lakini siku ya kuthibitisha nani alisema nini utabaki na kumbukumbu yako dhidi ya yao. Unaweza kutuma ujumbe wa namna hii:

“Nashukuru kwa mwaliko. Nimeishikilia tarehe hiyo hadi Ijumaa. Ili niithibitishe, naomba kufahamu ukumbi uko wapi na mnatarajia washiriki wangapi. Nitaanza saa ngapi, kwa saa za Kiswahili, na nitapewa dakika ngapi. Nani atazungumza kabla yangu, na kama kuna mgeni rasmi. Projekta ni ya VGA au HDMI, na maiki ziko ngapi. Nani nimpigie siku hiyo kuanzia saa 12 asubuhi. Na malipo yatafuata utaratibu upi, kwa nyaraka zipi na ndani ya siku ngapi.”

Usiongeze wala usipunguze heshima iliyomo. Maneno kuhusu saa za Kiswahili usiyatoe hata kama yanaonekana ya kitoto. Niliwahi kumwandikia mzungumzaji mgeni ratiba yenye “2:00” bila neno la asubuhi. Akaja saa nane mchana, amependeza, akiwa na begi lake, na akatukuta tunakunja vitambaa vya meza.

Sasa tuje kwa mgeni rasmi, ambaye ndiye aliyekula dakika zako sabini. Hutamzuia kuchelewa, na mwandaaji naye hana ubavu huo. Unachoweza ni kuisoma ratiba kama mkazi wa Dodoma. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge linakuwa katika mkutano wa bajeti, na kikao huanza saa 3:00 asubuhi kwa maswali na majibu. Ukiona semina ya miezi hiyo imemwandika waziri kuwa atafungua saa 3:00 hiyohiyo, jua kwamba mtu mmoja ameahidiwa sehemu mbili, na moja kati ya hizo ina Spika. Hapo ombi lako liwe kwamba mada yako ianze wakati mgeni akisubiriwa, isimame atakapofika, naye akimaliza kufungua uendelee. Waandaaji wengi hulipokea ombi hilo kwa furaha, kwa kuwa kinachowatia hofu kuliko vyote ni ukumbi wa watu mia mbili wanaotazama meza tupu. Ni mimi niliyekuwa nikiwabembeleza wazungumzaji wafanye hivyo, na wengi walikataa wakidhani wanashushwa hadhi.

Pamoja na hayo, kuwa na mada moja katika vipimo vitatu: dakika 90, 45 na 20. Ile ya dakika 20 isiwe ya 90 iliyoharakishwa. Iwe na jambo moja tu, lile ambalo mtumishi wa miaka 56 akilikosa ataumia, na iwe na karatasi ya zoezi ambayo ataondoka nayo na kuijaza nyumbani. Karatasi hiyo ingekuokoa Singida pia. Mvua ikipiga bati hakuna spika itakayoishinda. Nyamaza, gawa karatasi, waache wafanye hesabu zao huku wewe ukipita kati ya viti, na mvua ikikatika mnarudi kwenye majibu. Kwa mwalimu wa hesabu hilo si geni. Na kwa kuwa huku kwetu mvua hujikusanya kati ya Desemba na Aprili, katika miezi hiyo uliza kama ukumbi una dari. Miezi ya upepo na vumbi inayofuata ina adha yake, koo hukauka upesi, kwa hiyo chupa ya maji isiyo ya baridi ikae jukwaani kabla hujapanda.

Kuhusu vifaa sitakuchosha. Nunua kiunganishi chako cha HDMI kwenda VGA, waya mrefu wa umeme wenye matundu kadhaa, betri za maiki isiyo na waya, na flashi yenye mada katika muundo wa PDF ili herufi zisivurugike kwenye kompyuta ya watu. Viweke katika mfuko mmoja ambao hautoki kwenye begi la kazi hata kwa siku moja. Jambo ambalo watu husahau ni mwanga: kumbi nyingi za wilayani hazina mapazia, na jua la Dodoma la saa tano hufuta kila kilichoandikwa kwa rangi hafifu. Andika kwa herufi nyeusi, kubwa, mistari mitano kwa ukurasa, na uweze kufundisha mada nzima hata umeme ukikatika.

Safari ndiyo sehemu ambayo sitakutetea. Kutoka Dodoma hadi Singida ni karibu kilomita 240, na barabara hiyo inapita vijiji vingi vyenye kibao cha kilomita 50 kwa saa na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo, kwa hiyo saa nne ni hesabu ya mtu mwenye bahati. Uliianza ukiwa umesimama na kusubiri tangu asubuhi. Ukishakubali kazi katika mji mmoja, siku inayofuata ifunge kwa miji mingine yote, isipokuwa kazi hiyo ya pili ni ya mchana na umelala palepale. Vivyo hivyo kwa Dar es Salaam: treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 imefanya watu waamini kwamba wanaweza kwenda, kuzungumza na kurudi siku moja. Wanaweza, mpaka siku ratiba itakaposogea kwa saa tatu. Gharama ya kulala iwekwe kwenye makubaliano tangu mwanzo, na ielezwe waziwazi kuwa iko nje ya ada.

Sasa fedha. Kuna wenyeji wa aina mbili na hawadaiwi kwa namna moja. Chama, kampuni au kanisa linaweza kukulipa nusu kabla ya shughuli, na unapaswa kuomba hivyo bila haya. Taasisi ya umma kwa kawaida hailipi kabla ya huduma, na ukiidai kianzio utamkwaza ofisa asiye na mamlaka hayo. Kwake omba barua ya mwaliko inayotaja ada, au LPO, yaani hati ya taasisi ya kuagiza huduma, kabla ya tarehe ya shughuli. Uliza kama unatakiwa kuwa umesajiliwa katika mfumo wa NeST, ambao ndio taasisi za umma zinautumia kwa manunuzi. Kisha wasilisha ankara, TIN (namba yako ya mlipakodi) na namba ya akaunti, na risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, pale inapohitajika. Ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) iliyo karibu nawe itakueleza wajibu wako kulingana na mapato yako, nami nakushauri uende kabla hujaitwa.

Ile asilimia tano kijana hakukudanganya. Ni kodi ya zuio kwa huduma za kitaalamu, na mlipaji anatakiwa kuikata na kuiwasilisha TRA. Katika shilingi 600,000 itatoka 30,000. Fedha hiyo haijapotea, kwa kuwa inahesabiwa katika kodi yako ya mwaka, mradi umedai cheti cha kodi ya zuio na kukitunza. Ukitaka ibaki 600,000 kamili mkononi, usifanye kosa la kuongeza 30,000 juu: asilimia 95 ya 630,000 ni 598,500. Gawanya 600,000 kwa 0.95 na utapata kama 631,600. Najua ungeligundua mwenyewe, lakini nimeona wazungumzaji wengi wakilikosea, tena wakifundisha ujasiriamali.

Deni la Machi lina haraka ambayo hukuitaja. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Dai lisiloingizwa kwenye mfumo kabla ya siku hiyo linageuka kuwa madai ya mwaka uliopita, na hayo husubiri uhakiki na fedha za mwaka mpya. Kwa hiyo nenda wiki hii, usipige simu. Kwanza muone ofisa aliyekualika, umwombe aandike barua fupi ya kuthibitisha kwamba ulialikwa, tarehe, mada na ada mliyokubaliana, kwa sababu mwaliko wa simu hauna karatasi ya kuambatisha. Ongeza nakala ya ratiba yenye jina lako. Kisha peleka ankara kwa masijala, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, ndipo umsalimie mhasibu. Kuhusu zile 50,000, muulize kwa upole ziliandikwa kama nini. Iwapo uliwekwa kwenye orodha ya washiriki, huenda karatasi zao zinaonyesha kwamba umeshalipwa posho na hudai chochote, na hilo ni heri lirekebishwe kabla jalada halijafungwa. Siku nyingine ukiletewa karatasi ya kusaini wakati unafunga begi, isome kichwa chake kwanza.

Nije kwa shemeji yako, na hapa nitachagua maneno kwa kuwa mume wako naye atasoma. Theluthi moja ya 600,000 ni 200,000 kwa kila shughuli, ikiwemo ile ya Mtumba ambayo ni mwendo wa kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji. Kwa sasa hakuna kazi ya kiasi hicho, kwani kazi wanaleta watu waliokusikia, si yeye. Usimkatalie, ila mpe kazi inayopimika na umlipe kwa kazi hiyo: siku ya safari alipwe mafuta na ujira wa dereva; siku moja kabla ya shughuli apite ukumbini, awashe projekta, ajaribu maiki na akutumie picha, na baada ya shughuli afuatilie malipo. Hilo la mwisho ndilo atakalokufaa zaidi, maana ni rahisi kwa mtu mwingine kuuliza “fedha ya mwalimu imefikia wapi” kuliko wewe uliyepigiwa makofi kuulizia fedha zako. Akileta mwenyewe mteja mpya, hapo mzungumze asilimia, kwa kazi hiyo moja. Muite mkiwa wote watatu, weka viwango hivyo kwenye karatasi, mkubaliane mbele ya mume wako ili asije kuambiwa baadaye kwamba wewe ndiye uliyemnyima ndugu yake.

Mwaliko wa Kondoa ni mzuri na ningeukubali, lakini si kwa ratiba hiyo. Wamekupangia Ijumaa, saa 6:30 mchana hadi saa 8:00, katika mji wenye Waislamu wengi. Ikikaribia saa 7 nusu ya ukumbi, na pengine mwenyekiti mwenyewe, watakuwa njiani kwenda msikitini, na watakaobaki watakuwa wanaangalia mlango wa chakula. Aliyeipanga ratiba hiyo huenda ameinakili kutoka semina ya Jumanne. Waandikie leo uwaombe saa 3:30 asubuhi, mara baada ya chai, na umalize saa 5:00, ili wapate nafasi ya maswali kabla ya sala. Kwa kuwa ni chama na si ofisi ya umma, omba nusu ya ada siku saba kabla, na chumba cha kulala usiku wa Alhamisi, kwa sababu ni zaidi ya kilomita 150 na saa 3:30 haitakusubiri. Shemeji atoke na wewe Alhamisi mchana, apitie ukumbini kabla ya giza, na ule mfuko wa viunganishi ausimamie yeye.